Maswali ya wasomaji: tetemeko likishapita, msaada unamfikia nani?

Toleo lililopita tulisimulia tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, lile la ukubwa wa 7.0 lililopiga jioni karibu na Léogâne na kuubomoa mji mkuu wa Port-au-Prince kabla hata dakika moja haijaisha, watu kama milioni moja na nusu wakabaki bila makazi. Nilidhani nitapata barua mbili tatu, zimekuja nyingi mno, zingine ndefu, zingine za hasira, na moja imeniliza. Nimechukua saba, majina nimeyatoa, na zilizofanana nimeziunganisha.

Swali: Shikamoo shangazi. Sisi tuna grupu letu la WhatsApp, kila tukisikia kuna tetemeko sehemu tunachangishana nguo, viatu, mablanketi, hata dawa zilizobaki majumbani. Mara ya mwisho tulijaza nusu kontena, tukalipia na usafiri, baada ya miezi minne tunaambiwa mzigo bado upo bandarini na unadaiwa gharama za kuhifadhiwa. Watu wamevunjika moyo kabisa na mie ndo niliyewahamasisha. Tulikosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Moyo wenu haukukosea, njia ndo iliyokosea, na hamko peke yenu, mataifa makubwa yamefanya hivyo hivyo. Desemba 1988 tetemeko liliua watu kama 25,000 Armenia, wakati huo ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti, na dunia ikajibu kwa kutuma tani 5,000 za dawa na vifaa vya hospitali. Sasa jiweke pale, baridi ya Desemba, maboksi yamepangwa mpaka nje, unafungua la kwanza unakuta vidonge vyenye jina la kibiashara ambalo daktari wa hapo hajawahi kulisikia, la pili maandishi yake hakuna anayeweza kuyasoma, la tatu muda umeshapita. Watu 50 walifanya kazi miezi sita ndo wakajua vizuri wamepokea nini! Asilimia 8 ilikuwa imepitwa na muda siku ile inafika, asilimia 4 iliharibiwa na baridi kali, na kwenye iliyobaki ni asilimia 30 tu iliyotambulika kirahisi. Hebu fikiria hao 50 wangekuwa wodini muda wote huo. Shirika la Afya Duniani likaja kutoa mwongozo wa dawa za msaada mwaka 1996, na moja ya mambo linayosema wazi ni kwamba dawa alizorudisha mgonjwa au zilizobaki nyumbani hazitumwi, kwa hiyo zile zenu msizitume tena.

Halafu kuna suala la njia. Haiti bandari ilivunjika, mnara wa kuongozea ndege ukaharibika, na uwanja wenyewe una njia moja ya kurukia, kwa hiyo kila boksi lililotua lilikuwa limechukua nafasi ya boksi lingine. Na maziwa ya unga ya watoto wachanga naomba muyaogope kabisa, manake yanataka maji salama na chupa inayochemshwa, vitu ambavyo kambini havipo, na mama aliyekuwa ananyonyesha vizuri anaacha kwa sababu amepewa kopo la bure, mtoto anaharisha, mnampoteza mtoto aliyenusurika na tetemeko. Wanaohitaji kweli wapo, ila wanapewa na wahudumu wa afya wanaowafuatilia mmoja mmoja.

Safari nyingine nguo ziuzeni hapo hapo mlipo, hela ndo itumwe, tena ikiwezekana kwa wanaogawa pesa taslimu kwa familia zenyewe. Mahema mawili yaliyo jirani hayana shida moja, huyu anataka misumari na mabati, yule anataka nauli ya kumpeleka mama yake kliniki, wa tatu ana deni la mbegu, na wote wakinunua kwa muuza duka wa pale pale basi na yeye ambaye duka lilimwangukia anaanza kusimama. Kuna siku za mwanzo ambapo soko limekufa kabisa na hela haina cha kununua, hapo vitu vinatakiwa, lakini vinunuliwe karibu. Huo mzigo uliokwama, kama hakuna mtu wa upande wa pili aliyeandika kwamba anaupokea, msiongeze hela juu ya hela. Na usijilaumu sana mwanangu, watu wako waambie ukweli tu kama nilivyokuambia, watakuelewa.

Swali: Dada, kwanini vikosi vya uokoaji vya kimataifa vinachelewa hivyo? Unaona siku ya pili, ya tatu, ndo wanashuka na mbwa wao na mitambo, wakati kila mtu anajua aliye chini ya kifusi hawezi kungoja.

Jibu: Kaka, uchungu wako naujua, ila nikuambie jambo moja ambalo picha za TV zinalificha: watu wengi wanaotolewa hai wanatolewa na majirani, kwa mikono, kwa nondo, kwa jeki ya gari, ndani ya masaa ya kwanza. Uturuki na Syria tarehe 6 Februari 2023 tetemeko la 7.8 lilipiga saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wamelala, na mchana wake saa saba na dakika 24 likaja lingine la 7.5. Hata kama kuna kikosi nchi ya mbali kilikuwa kimevaa viatu tayari, bado kuna ndege, kuna mitambo ya kupakia, kuna barabara zilizopasuka na theluji juu yake, yani siku ya kwanza imeshaisha. Haiti vikosi vyote vya kigeni kwa pamoja viliokoa watu zaidi ya 130, na kila mmoja wa hao ana mama yake, siwezi kusema ni wachache, lakini wenyeji walishachimba kabla ya hapo na wakaendelea kuchimba.

Ndo maana mie nawapenda sana wale wa Mexico. Tetemeko la 19 Septemba 1985 liliwakuta hawana kikosi cha maana, vijana wa kawaida wakaingia kwenye matundu ya majengo yaliyolala, wakaitwa Los Topos, yani fuko, yule mnyama anayechimba chini kwa chini, na mpaka leo wanaenda kusaidia nchi zingine. Likaja lingine tarehe hiyo hiyo mwaka 2017, na kama uliona picha zake uliona ile ngumi. Mtu mmoja juu ya kifusi ananyanyua ngumi, wa pembeni ananyanyua, inasambaa mpaka mwisho wa mtaa, jenereta inazimwa, lori linasimama, mamia ya watu wameshika ndoo na hakuna hata anayekohoa, wanasikiliza kama kuna anayegonga chini. Hiyo haikuletwa na ndege. Umoja wa Mataifa una mtandao unaitwa INSARAG ulioanzishwa 1991 kutokana na yaliyotokea Mexico na Armenia, unapima vikosi na kuviwekea viwango ili wasigongane wakifika, na kazi yake ambayo haina kamera ndo naiona ya maana zaidi, kuziandaa nchi zenyewe kabla.

Ila wageni wanakuja na kitu ambacho majirani hawana. Mtu akibanwa mguu na zege masaa mengi misuli inakufa, ukimtoa ghafla yale yote yaliyooza yanaingia kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unaweza kusimama pale pale huku watu wanashangilia, au figo zinafeli siku inayofuata. Kwa hiyo anayejua anamtundikia dripu akiwa bado chini, na baadaye inatakiwa mashine ya kusafisha damu. Ni baada ya Armenia ndo madaktari wa figo duniani waliunda kikosi chao cha majanga.

Kuna kuchelewa kwingine hata hivyo, na huko sikutetei. Kaskazini magharibi mwa Syria, eneo lililokuwa mikononi mwa waasi, Umoja wa Mataifa ulikuwa na ruhusa ya kupitisha misaada kwenye kivuko kimoja tu cha mpakani, Bab al-Hawa. Msafara wake wa kwanza baada ya tetemeko uliingia tarehe 9, siku tatu zimepita, na mitambo ya kuinulia zege haikuwemo. Wale waokoaji wa White Helmets walichimba na walichokuwa nacho. Vivuko vingine viwili vilikubaliwa tarehe 13. Mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa alikiri mwenyewe kwamba wamewaangusha watu wale. Muhuri wa kisiasa uliwazuia kuliko hata barabara mbovu, na mie hilo bado linaniuma.

Swali: Shangazi, ni kweli miili isipozikwa haraka inaleta kipindupindu?

Jibu: Hapana. Aliyekufa kwa kuangukiwa na nyumba hakuwa na kipindupindu, na mwili wake hauwezi kutengeneza ugonjwa ambao hakuwa nao, Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wamelirudia hili miaka na miaka. Anayebeba miili avae glavu, anawe, na miili iwekwe mbali na maji ya kunywa, basi. Madhara yanatokea pale trekta linapowasukuma watu kwenye shimo moja bila picha, bila namba, bila kujua nani yuko wapi, manake mke anabaki hajui kama ni mjane, mirathi haigawiki, na mama anakaa miaka anageuka kila mlango ukigongwa.

Kipindupindu cha Haiti kilikuja Oktoba 2010, miezi tisa baadaye, na hakikutoka kwa marehemu. Kilitoka kwenye maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa yaliyoingia kwenye kijito kinachomwaga mto Artibonite, kikaua watu karibu 10,000. Umoja wa Mataifa uliomba radhi Desemba 2016, miaka sita.

Swali: Mimi na mume wangu tumeoana miaka kumi na moja, hatujajaliwa. Kila tetemeko likitokea naona watoto wamekaa peke yao wamejaa vumbi, moyo unaniambia nikamchukue mmoja. Naanzia wapi shangazi? Naomba usinihukumu.

Jibu: Sikuhukumu mwanangu, barua yako ndo ile iliyoniliza. Lakini nitakuambia ukweli kama ningemwambia binti yangu: usianzie hapo. Mtoto unayemuona amekaa peke yake siku ya tatu mara nyingi si yatima, ana baba yuko hospitali mji mwingine hana simu, ana bibi anazunguka kambi kwa kambi na picha mkononi, ana shangazi. Mwishoni mwa Januari 2010 kikundi cha wageni kilikamatwa mpakani Haiti kikiwa na watoto 33 kinawapeleka Jamhuri ya Dominika bila karatasi, wanasema wanawaokoa yatima. Ilipofuatiliwa, wengi wa watoto wale walikuwa na mzazi hai, na wazazi hao waliwatoa kwa kuahidiwa kwamba wataenda kusoma. Nafikiria wale wazazi, wamepoteza nyumba, anakuja mtu mwenye sura ya huruma anasema nipe mwanao nitamsomesha. Wewe ungesema nini?

Kwa hiyo utaratibu unaokubalika ni kusimamisha kabisa kuasili watoto na kuwapeleka nje ya nchi kipindi cha dharura, mtoto anaandikishwa, anapigwa picha, anaandikwa alikutwa wapi amevaa nini, na UNICEF, Msalaba Mwekundu na ustawi wa jamii wa nchi ile wanatafuta ndugu, kazi inayoweza kuchukua miezi mingi. Hiyo kazi inahitaji hela na hapo ndo mchango wako utamfikia yule mtoto uliyemuona. Na hamu yako ya kulea usiizime, nendeni ustawi wa jamii wa hapo mlipo muulizie uasili wa kawaida, taratibu, bila tetemeko. Ningefurahi sana ukiniandikia imefikia wapi.

Swali: Mhariri, msitufiche. Haiti zilichangwa mabilioni ya dola halafu watu wakakaa kwenye mahema miaka. Hela zililiwa. Kwanini mnatuambia tuchange tena?

Jibu: Sifichi kitu ndugu yangu, na hasira yako ina haki, ila neno "zililiwa" ni fupi mno kwa kilichotokea. Kwanza ahadi si hela. Kwenye mkutano wa New York wa tarehe 31 Machi 2010 wahisani waliahidi dola bilioni 5.3 kwa miaka miwili, makofi yakapigwa, na hela yenyewe ikaja kidogo kidogo, nyingine haikuja. Pili, kwenye fedha za dharura zilizotoka kweli, serikali ya Haiti ilipitishiwa kama asilimia moja, nyingine zote zilienda kwa Umoja wa Mataifa, mashirika, wakandarasi, na hata kwa idara za nchi hizo hizo zilizotoa, yani nchi inatoa mkono huu inapokea mkono ule na kwenye hesabu inaandikwa msaada kwa Haiti. Unaweza kusema serikali ile ilikuwa dhaifu, ndio, wizara karibu zote zilianguka na wafanyakazi wake wengi walikufa, lakini ukiipita pembeni kila siku itapata nguvu lini?

Na kuna dogo ambalo mie naliona kubwa. Mikutano ya kupanga nani agawe maji wapi na nani ajenge vyoo wapi ilikuwa inafanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa jirani na uwanja wa ndege, kwa Kiingereza, kwenye nchi ya Kikrioli na Kifaransa. Kiongozi wa kikundi cha mtaa aliyejua kila familia kwa jina akifika getini anaulizwa kitambulisho hana, anarudi. Akibahatika kuingia haelewi kinachosemwa. Sasa huyo ndo aliyejua wapi kuna wajane na wapi bomba limepasuka!

Na kwenye nyumba kulikuwa na fundo la ardhi. Vifusi tu vilikuwa kama mita za ujazo milioni 10, na hata vikiondolewa, kiwanja ni cha nani? Hati hakuna, mpangaji ni mpangaji, watu watatu wanadai sehemu moja, shirika linaogopa kujenga nyumba ya kudumu kwenye kesi, linajenga ya mbao ya muda, na ya muda inageuka ya kudumu.

Mwaka 2016 wafadhili wakubwa waliahidi robo ya fedha za dharura ifike kwa watoa huduma wa nchi husika ifikapo 2020. Haikufika hata karibu. Kwa hiyo ndio, changa tena, lakini kabla hujabonyeza kutuma waulize: nani mwenzenu pale, alikuwepo kabla ya tetemeko au mmemuunda jana, na mnabaki mpaka lini? Wakikujibu kwa picha za watoto tu, tafuta wengine. Na kama wanasema hela lazima iishe ndani ya miezi mitatu, vile vile tafuta wengine.

Swali: Shangazi habari za kazi. Kwanini nchi moja inajengeka haraka na nyingine haijengeki? Mimi ni fundi ujenzi, naomba jibu la kifundi kidogo.

Jibu: Nzuri fundi, swali lako nilikuwa nalingoja. Jibu la kwanza linaanza kabla ya tetemeko. Wiki sita tu baada ya Haiti, tarehe 27 Februari 2010, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lenye nguvu mara mia kadhaa zaidi, wakafa watu kama 525, na tsunami ilikuwemo. Ukweli ni kwamba kitovu cha Haiti kilikuwa karibu sana na mji na hakikuwa na kina kirefu, lakini Chile wana sheria za ujenzi zinazosimamiwa kweli, nondo zipo, zege ni zege.

La pili ni nani anashika mwiko wa kujengea. Nepal tetemeko la 7.8 la tarehe 25 Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000, na bahati pekee ilikuwa ni Jumamosi mchana, madarasa yaliyoanguka yalikuwa matupu. Nyumba karibu nusu milioni zilibomoka, nyingi ni za mawe na udongo. Wakaamua mwenye nyumba ajenge mwenyewe, anapewa rupia za Nepal 300,000 kwa awamu tatu, 50,000 akisaini mkataba, 150,000 msingi ukikaguliwa, 100,000 ukuta ukifika juu. Na wewe utaelewa walichokuwa wanakagua: jiwe refu linalovuka ukuta kutoka nje mpaka ndani ili zile pande mbili zisiachane, na mikanda ya mbao au zege inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, juu ya msingi, usawa wa chini ya madirisha, juu ya milango, na chini ya paa, pembeni zimefungwa imara. Mawe yale yale ya nyumba iliyoanguka, mkono ule ule, ila safari hii nyumba imevaa mkanda. Mafundi kwa maelfu walifundishwa, na wanawake wakaingia kwenye ufundi ambao zamani wasingekaribishwa.

Sikupambii, ilichelewa. Mamlaka ya ujenzi mpya ilianza kazi Desemba, miezi minane baadaye, mvua zimeshapita juu ya mabati ya muda na baridi imeshaingia. Hela ile haikutosha nyumba nzima na wengi walikopa kwa riba mbaya. Wajane wasio na hati na watu wa vijijini ambako mawe yanapandishwa mlimani kwa mgongo ndo walibaki mwisho. Lakini nyumba zilisimama kwa mamia ya maelfu, na aliye ndani anajua kila mkanda ulipo kwa sababu aliuweka mwenyewe.

Swali: Rafiki yangu niliyesoma naye alinusurika kwenye tetemeko la Uturuki, alipoteza dada yake. Mwanzo tulikuwa tunaongea kila siku, sasa nimekaa kimya muda mrefu naona aibu, sijui nianze vipi.

Jibu: Anza kwa kumpigia leo. Mwambie tu samahani nilinyamaza, sikujua niseme nini. Usimuulize ilikuwaje siku ile, akitaka atasimulia, asipotaka ongeeni mambo yenu ya shule, na jina la dada yake litaje, usiliruke kama halikuwepo. Anaweza kukuambia bado analala na viatu karibu na mlango, au anashtuka lori likipita, hiyo ni kawaida kwa waliopitia haya, ila kama hali wala halali na miezi inazidi msaidie kutafuta mtu wa ushauri nasaha anayeongea lugha yake. Muulize kitu kimoja kinachomsumbua sasa hivi, fomu, kodi, chochote, ukiweza kifanye. Na tarehe 6 Februari iandike kwenye simu yako, siku hiyo mtumie ujumbe alfajiri, manake saa ile atakuwa macho.